Mtumba

Jumanne waliniita kuchora bango,
duka jipya Magomeni, nyuma ya kituo cha mabasi,
marobota arobaini yamepangwa hadi darini,
bado yana vumbi la bandarini.
Bi Shulan akanipa kipande cha boksi
chenye alama moja, mapigo manane ya brashi:
東.
"Dong," akasema. Mimi nikasikia *dongo*.
"Kubwa. Nyekundu. Isiiname."

Nimechora vichwa vya vinyozi, meno ya waganga wa meno,
nimeandika Mungu Akipenda nyuma ya malori
ambayo Mungu hakupenda yafike Msata.
Lakini herufi nisiyoijua hunitetemesha mkono.
Nikauliza: hii ni nini?

Mumewe, Bwana Gengshan, akaacha kikokotoo chake.
Huu mti, akasema, shina na matawi.
Hili sanduku la katikati ni jua.
Jua limekwama mtini, halijapanda bado.
Basi: mashariki.
Nikafurahi. Nikaona nimeielewa,
ingawa kwetu jua halina habari na miti,
latoka majini, limelowa.

"Uongo mtamu," Bi Shulan akasema,
mkasi mkononi, anakata kamba za robota.
"Hiyo wanaambiwa watoto."
Akatoa simu: ganda la kobe,
la kale hata moto uliolipasua hauna jivu.
Hapakuwa na jua. Hapakuwa na mti.
Palikuwa na gunia,
limefungwa juu, limefungwa chini,
tumbo mbele.

"Walikuwa na neno la mashariki mdomoni.
Mchoro wake hawakuwa nao.
Wewe ungeichoraje, mashariki?
Gunia lilitamkwa karibu sawa.
Wakaliazima."

Na gunia lenyewe?

"Mpaka leo halijarudishwa."

Nikakoroga rangi muda mrefu kuliko rangi ilivyotaka.
Babu wa babu yangu alikuja mji huu kutoka Unyamwezi,
amekuja na pembe, amerudi na mtumba:
merikani na kaniki, kamba huku, kamba huku,
ratili sitini begani, miezi mitatu kwa miguu.
Huo ndio ulikuwa mtumba.
Leo nani akilisikia neno hilo anaona bega?
Anaona sidiria ya mzungu asiyemjua,
shati lenye jina la shule ya mbali.
Neno lilitua mzigo wake njiani
likaokota fulana.

Na mji wenyewe, je?
Bwaga moyo: umefika, pumua.
Bwaga moyo: uache hapa, hutarudi.
Shangazi ana lake, mtembeza wageni ana lake,
na kila mmoja anaapa.
Nani ana ganda la kobe tukaliulize?

Nikaanza. Mlalo wa juu. Sanduku.
Pigo la sita likapasua katikati, utosini hadi nyayoni,
na hapo, kwenye ncha zote mbili,
nikabonyeza brashi kidogo,
kidogo tu, kama mtu anayekaza fundo.
Bwana Gengshan hakuona.
Bi Shulan aliona. Hakusema kitu.

Baadaye, akinihesabia pesa, aliniambia
siku hizi kwao wanaliandika kwa mapigo matano.
Gunia limefunguliwa? nikauliza.
"Watu wana haraka."
Tena akaniambia, ukiweka mashariki
kando ya magharibi, ukayasema kwa pamoja,
hupati dunia nzima.
Unapata *kitu*.
Kitu chochote: ndoo, kiatu, hilo kopo lako.

Nilikuwa bado juu ya ngazi
Siwema wa vitumbua aliposimama chini,
mkono kiunoni, kichwa kando.
"Umechora nini hicho?"
Nilikuwa na majibu matatu. Nikachagua moja.
Mtumba, nikasema.
"Kwani sioni?" akajibu,
akaingia ndani, akainama kuchagua.